Miaka 15 ya Mkurugenzi wa Mashtaka: Hongera Ianzie Voi

Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 katika bustani ya Uhuru, Nairobi, ilishangiliwa kwa mengi. Huku Taita Taveta tulishangilia kaunti, gavana na fedha zitakazoteremka hadi mashinani. Ibara ya 157 haikupigiwa vigelegele. Haiahidi barabara wala maji. Inasema kwamba nchi itakuwa na Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, kwamba mamlaka ya serikali ya kushtaki yamo mikononi mwake, na kwamba katika kuyatumia haombi ruhusa kwa mtu wala hapokei amri ya yeyote. Maneno hayo yametimiza miaka 15 yakiwa sheria, na jarida hili limeamua kuyapigia vigelegele, ingawa vimechelewa. Tunafanya hivyo tukiwa Maungu, kando ya barabara kuu ya Mombasa, kwa kuwa tunaamini thamani ya afisi ile huonekana vizuri zaidi kadiri mtu anavyosogea mbali na makao yake makuu ya Upper Hill.

Ukisimama Maungu na kutazama kusini, unauona mlima wa Kasigau. Wenyeji wa mlima huo wanajua kuliko sisi sote maana ya kuadhibiwa bila kushtakiwa. Mwaka 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Wajerumani yalivuka mpaka kutoka upande ambao leo ni Tanzania yakaushika Kasigau, na reli inayopita hapa Maungu ikawa inaviziwa na kulipuliwa kwa baruti. Waingereza wakaamua kwamba Wakasigau wamemsaidia adui. Nani kati yao? Alifanya nini, siku gani, na nani alimwona? Hakuna aliyeuliza. Vijiji vilichomwa, watu wakahamishwa kwa nguvu hadi Malindi, wazee kwa watoto, na wengi wakafia huko kwa maradhi na njaa. Waliosalia waliruhusiwa kurudi mlimani mwao katika miaka ya 1930.

Robo karne baada ya uhamisho ule, mwaka 1940, serikali ya kikoloni ilikipiga marufuku chama cha Taita Hills Association kilichokuwa kikitetea ardhi na mifugo ya Wataita. Viongozi waliwekwa kizuizini kwa kanuni za vita, pamoja na wenzao wa Kikuyu Central Association na wa Ukambani, bila kufikishwa mbele ya hakimu. Tunayakumbusha haya katika tahariri ya sherehe kwa makusudi. Mtu akituuliza mwendesha mashtaka ni wa nini, tutamwonyesha Kasigau kwanza. Ni mtumishi wa umma anayesimama kati ya tuhuma na adhabu, akashika kalamu, akauliza yale maswali ambayo mwaka 1915 hayakuulizwa.

Uhuru ulipokuja, kalamu hiyo ilipewa Mwanasheria Mkuu. Kwa Katiba ya zamani, katika kifungu chake cha 26, mtu mmoja alikuwa wakili wa serikali, mshauri wake, mwenye kiti katika baraza la mawaziri, na papo hapo mshtaki mkuu wa nchi. Aliweza kuanzisha kesi yoyote, kuichukua kesi iliyofunguliwa na raia, na kuizima kabla ya hukumu bila kumweleza hakimu sababu. Mwaka 1986 Bunge lilimwondolea hata kinga ya kutofutwa kazi ovyo, likairudisha mwaka 1990 baada ya malalamiko ya mawakili na viongozi wa dini. Kulikuwa na Mkurugenzi wa Mashtaka hata wakati huo, ila alikuwa afisa chini ya Mwanasheria Mkuu.

Kesi moja ilitufunza ubaya wa mpango huo kuliko hotuba zote. Aprili 2005 Samson ole Sisina, afisa wa Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS), alipigwa risasi akafa akiwa kazini katika shamba la familia ya Delamere huko Bonde la Ufa. Thomas Cholmondeley, wa familia hiyo, alishtakiwa kwa mauaji. Mwezi uliofuata Mwanasheria Mkuu Amos Wako aliizima kesi, na mashahidi hawakupata kuitwa. Philip Murgor, aliyekuwa Mkurugenzi wa Mashtaka, aliondolewa kazini mwezi huohuo. Katika kaunti hii, ambako mbuga za Tsavo zimechukua sehemu kubwa ya ardhi na sare ya KWS si ngeni katika nyumba zetu, jambo lile liliuma. Pengine kesi ingeshindwa; mshtakiwa alikuwa na utetezi wake, na jaji angeupima. Lakini familia ya marehemu ilistahili kuusikia ushahidi ukisemwa hadharani, na nchi ilistahili kuelezwa kwa nini haukusemwa.

Waliotunga Katiba mpya waliziba tundu hilo kwa kifungu kifupi: Mkurugenzi hawezi kuondoa kesi bila idhini ya mahakama. Walimpa pia muhula mmoja wa miaka 8 usiorudiwa, uteuzi unaopitia Bunge la Taifa, na sifa zilezile zinazotakiwa kwa jaji wa Mahakama Kuu. Kumwondoa lazima kupitie njia ndefu ya jopo maalumu. Anaweza kumwagiza Inspekta Jenerali wa Polisi achunguze tuhuma yoyote ya uhalifu, na Inspekta Jenerali hana hiari ya kukataa. Hata hivyo hapeleki askari kumkamata mtu. Polisi hukamata na kupeleleza, yeye hupima na kushtaki, hakimu huamua. Anayezichanganya kazi hizi tatu anaturudisha nyuma kule tulikotoka. Keriako Tobiko aliapishwa Juni 2011, afisi ikatengwa na ya Mwanasheria Mkuu, na mwaka 2013 ikapata sheria yake yenyewe.

Kuna badiliko jingine ambalo halikuandikwa sana magazetini, nalo ndilo lililomfikia mtu wa kawaida. Kwa miaka mingi, katika mahakama za mahakimu, aliyesimama kumshtaki mtu alikuwa polisi, mara nyingi mwenzake yule aliyemkamata. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani ilitoa uamuzi katika rufaa ya Roy Richard Elirema, ikasema kwamba kesi iliyoendeshwa na askari asiye na cheo kilichotajwa na sheria si kesi kamwe. Kishindo chake kilikuwa kikubwa. Wafungwa waliokuwa wameshtakiwa na makoplo walikata rufaa, na wako walioachiliwa huru, wakiwamo pengine watu waliotenda makosa yale. Walalamishi hawakuwa wamefanya kosa lolote. Dosari ilikuwa ya serikali. Uingereza, tulikouchukua mtindo huu, nayo iliwaacha polisi washtaki hadi mwaka 1986, ilipoanzisha idara ya mashtaka ya kitaifa. Sisi tulianza kuwatoa polisi katika kazi hiyo kwa bidii baada ya 2011, na kuweka mawakili wa umma katika kaunti zote 47.

Hao mawakili wa umma ndio tunaowapongeza leo. Makao makuu yana idara zake: moja ya makosa dhidi ya mwili wa binadamu, moja ya uhalifu wa kiuchumi, wa kimataifa na unaoibuka, moja ya kaunti na sheria za udhibiti, na moja ya utawala. Mgawanyo huo ni mzuri na una maana, lakini mwananchi wa Maungu hataiona hata moja ya idara hizo. Atamwona kijana mwenye joho na rundo la majalada chini ya kwapa, akipanda ngazi za mahakama ya Voi asubuhi. Kwake yeye, huyo ndiye Mkurugenzi. Katiba inasema hivyo pia: mamlaka yote ya Mkurugenzi yanaweza kutekelezwa na walio chini yake.

Kazi ya kijana huyo ya kwanza ni kusoma. Lori limesimamishwa usiku kwenye barabara ya Mombasa, bangi imepatikana chini ya magunia ya vitunguu, dereva na utingo wamekamatwa. Saa 24 zimeanza kuhesabika, maana Katiba haimruhusu polisi kumkalisha mtu ndani zaidi ya hapo bila kumfikisha kortini. Jalada linafika. Nani alilifungua lile gunia, na nani alikuwapo? Orodha ya vitu vilivyokamatwa ilitiwa saini na nani? Sampuli iliyokwenda kwa Mkemia wa Serikali ndiyo ileile? Na utingo, aliyepewa kibarua Taveta jana yake, alijua kilichomo? Mwongozo ambao afisi hiyo iliutunga mwaka 2019 unamtaka ajiulize mambo mawili, na kwa mpangilio huo: upo ushahidi unaotosha kutarajia hukumu, na je, kushtaki kuna faida kwa umma? La kwanza likikosekana, la pili haliulizwi. Jalada hupepetwa kama pojo kwenye ungo, na mara nyingine kinachobaki hakitoshi kupika. Hapo mwendesha mashtaka mwema hulirudisha kwa mpelelezi na orodha ya mapengo, au humwachilia utingo na kumfanya shahidi.

Tunajua uamuzi wa kutoshtaki haupendwi. Watu husema kuna mkono umepita. Mara nyingine umepita kweli, na ndiyo maana sababu ya uamuzi lazima iandikwe. Lakini kaunti iliyomzaa Mkasigau wa mwaka 1915 inapaswa kuelewa kuliko nyingine zote kwamba hati ya mashtaka isiyo na ushahidi ni adhabu yenyewe. Mtu husumbuka kortini miaka mitatu, anauza mbuzi wa dhamana na wa wakili, kisha anaambiwa nenda, huna hatia.

Swali la pili, la faida ya umma, lina uzito wa pekee huku kwetu. Kati ya Voi na Mackinnon Road, upande mmoja ni Tsavo Mashariki, upande wa pili ni maranchi ya Rukinga, Taita na majirani zao, ambako ndovu hupita kama wenye nyumba. Chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 1976, faini ya juu kwa kosa la ujangili ilikuwa shilingi 40,000, fedha ambazo dalali wa pembe hakuzihesabu kuwa hasara. Mei 2014 ndovu Satao, aliyejulikana dunia nzima kwa pembe zilizokaribia kugusa ardhi, aliuawa Tsavo Mashariki kwa mshale wenye sumu na uso wake ukakatwa. Sheria mpya, iliyoanza kutumika Januari mwaka huohuo, ilipandisha adhabu kwa makosa yanayohusu wanyama walio hatarini kutoweka hadi faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo cha maisha. Kwa miaka mingi kesi hizi zilikuwa zikiendeshwa pia na KWS yenyewe. Mkurugenzi alizikusanya na kuweka waendesha mashtaka waliobobea katika makosa ya wanyamapori. Ni jambo la maana sana lililofanywa katika miaka hii 15, na sisi tulio jirani na ndovu tunalishukuru.

Adhabu kubwa, hata hivyo, inamtaka mshtaki mwangalifu zaidi. Juni 2014 zaidi ya tani mbili za pembe zilikamatwa Mombasa katika yadi ya magari. Feisal Mohamed Ali alitafutwa, akakamatwa Dar es Salaam Desemba, akashtakiwa, na Julai 2016 mahakama ya Mombasa ikamhukumu miaka 20 na faini ya shilingi milioni 20. Dunia ilipiga makofi. Agosti 2018 Mahakama Kuu ilimwachilia kwa kuona kwamba ushahidi wa upande wa mashtaka ulikuwa na mapengo na haukumfunga na shehena ile. Wako waliokasirika. Sisi tunaona hukumu zote mbili zilikuwa shule kwa afisi hii: kila picha, kila namba ya gari, kila saini kwenye orodha ya vielelezo itapimwa na mtu asiye na haraka.

Na kuna yule wa upande wa pili, mwanamume wa kijiji cha ndani aliyetega waya akanasa digidigi kwa kitoweo cha watoto wakati mvua zimekosa miaka miwili. Sheria inamhusu naye. Hatusemi aachwe, waya hausomi ni mnyama gani anayekanyaga. Ila mwendesha mashtaka ana sera ya mwaka 2019 inayomruhusu kumwondoa mkosaji mdogo katika njia ya kesi, kwa masharti ya kukiri, kulipa na kutorudia, na kuna kanuni za mwaka 2018 za kuafikiana juu ya shtaka. Tofauti kati ya digidigi na shehena ya pembe haimo katika kifungu cha sheria peke yake. Imo katika busara ya mtu anayeijua Maungu, ndiyo maana tunataka waendesha mashtaka wakae hapa muda wa kutosha waijue kabla hawajahamishwa.

Lakini majalada yanayotuumiza zaidi ni ya watoto. Msichana wa miaka 13 amenajisiwa, mama yake anateremka kutoka Bungule au Rukanga kwa matatu hadi Maungu, na kutoka Maungu hadi Voi, mkononi ana P3, fomu ya polisi ya uchunguzi wa daktari. Nyuma yao wazee wawili watatu wameshakaa na familia ya mshukiwa, na mbuzi wametajwa. Mshukiwa ni mjomba, au jirani anayelipa karo. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 imesema wazi kwamba uamuzi wa kuachana na kesi ya namna hii si wa polisi. Leo ni wa Mkurugenzi, na kwa hiyo ni wa yule kijana wa majalada. Akisimama imara siku hiyo, akamwambia mama kwamba mlalamishi katika kesi hii ni Jamhuri na hakuna mbuzi anayeweza kuifuta, anakuwa amefanya kazi ambayo Ibara ya 157 ilitungwa kwa ajili yake. Julai 2024 Mkurugenzi alishinda rufaa katika Mahakama ya Juu, ikathibitishwa kwamba vifungo vya chini vilivyowekwa na sheria hiyo havipunguzwi na jaji: miaka 20 kwa anayemnajisi mtoto wa miaka 12 hadi 15. Ushindi wa Nairobi. Voi bado shahidi anakosa nauli.

Hapa hatutanyamaza kwa sababu ni sherehe. Mtoto huyu anaitwa kortini, kesi inaahirishwa kwa kuwa daktari amehamishwa. Anaitwa tena, mpelelezi yuko mafunzoni. Mara ya tatu mama hana fedha za matatu, na kesi inatupwa kwa kukosa shahidi. Kila mmoja katika mnyororo huo anaweza kusema hakukosea. Tunalitaka Bunge, linapogawa bajeti, lihesabu nauli na chakula cha mashahidi kama sehemu ya gharama ya kushtaki, kama vile linavyohesabu magari. Tunamwomba Mkurugenzi aweke katika kila afisi ya kaunti mtu mwenye kazi moja tu ya kuwahudumia walalamishi na mashahidi: kuwapigia simu kabla ya tarehe, kuwaonyesha chumba cha mahakama kabla ya kusimama kizimbani, kuwaeleza kwa Kiswahili au Kitaita hukumu imesema nini. Na mpaka wa Taveta unahitaji mkono wa jirani. Tanzania ilitenga Ofisi yake ya Taifa ya Mashtaka na ya Mwanasheria Mkuu mwaka 2018. Bangi, misandali na mifugo ya wizi havijui Holili, ng'ambo ya mpaka, ni ya nani, na waendesha mashtaka wa pande mbili wafahamiane kwa majina.

Tunalo jambo moja zito zaidi, nalo linahusu kiti chenyewe. Novemba 2022, miezi michache baada ya uchaguzi, kesi ya shilingi bilioni 7.4 dhidi ya Rigathi Gachagua, wakati huo Naibu Rais, iliondolewa. Sharti la Katiba lilifuatwa: mahakama iliombwa, ikatoa idhini. Yeye alikana mashtaka yale tangu mwanzo, na huenda ushahidi ulikuwa haba kweli, kama upande wa mashtaka ulivyosema. Hata hivyo wananchi waliona kesi kadhaa za wanasiasa zikianguka katika msimu mmoja, na hakuna maelezo yaliyowatosha. Idhini ya hakimu ni mlango mmoja. Mlango mwingine ni maandishi: Mkurugenzi aondoapo kesi ya mali ya umma, atangaze sababu zake kwa lugha ambayo muuza machungwa wa Maungu ataisoma na kuielewa.

Muhula wa miaka 8 usiorudiwa uliwekwa ili mwenye kiti asiwe na cha kumwomba Rais. Tobiko aliondoka mwaka 2018, kabla muhula haujaisha, akawa waziri. Noordin Haji, aliyemfuata, aliondoka mwaka 2023, akawa mkuu wa Idara ya Taifa ya Ujasusi. Hatuwatuhumu kwa lolote. Nchi inaweza kuwahitaji watu wake popote. Ila wote wawili waliotangulia kukalia kiti hicho waliitwa kutoka humo kwa uteuzi wa Rais, na Katiba haikulizuia hilo. Bunge laweza kuanza kuliziba pengo hilo kwa kuirekebisha Sheria ya mwaka 2013, ili anayeacha kiti cha Mkurugenzi asiteuliwe na Rais kwa wadhifa mwingine hadi miaka kadhaa ipite. Renson Ingonga aliapishwa Septemba 2023. Akiumaliza muhula wake ataondoka mwaka 2031, naye atakuwa Mkurugenzi wa kwanza wa Ibara ya 157 kufika mwisho wa miaka yake 8. Tunamwomba akae.